Roma Haiko Bandarini: Siku Moja ya Gati kwa Mfuko Mdogo

Wazee wetu, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti: hamjambo, na poleni na baridi.

Mada niliyopewa ni siku za bandarini katika safari za meli za kitalii. Meli inafunga gati asubuhi, inang'oa nanga jioni, na katikati hapo abiria ana saa chache za kuuona mji kwa fedha yake mwenyewe. Nitaibana mada hii kwenye Bahari ya Mediterania, maana ndiko wengi wetu tulioko Ulaya tunakoangukia. Wazazi wakija kututembelea, wiki moja ya meli kutoka Barcelona au Civitavecchia ndiyo zawadi ambayo mfuko unaimudu, hasa nje ya miezi ya joto.

Bandarini kinachoanza kuisha ni saa, na fedha hufuata nyuma yake. Anayelipa teksi ya bei ya kuumiza mara nyingi hakukusudia kuilipa. Ameangalia saa, ameona treni imepita, moyo umemruka, amenyoosha mkono. Kwa hiyo jioni ya leo nitahesabu dakika zaidi ya euro.

Tuanze na majina. Anayeshuka melini katika gati la Malindi, Unguja, akitembea dakika kumi yuko Forodhani. Bandari na mji ni kitu kimoja. Ulaya usitegemee hivyo. Kijitabu cha safari kikiandika "Roma", meli inafunga Civitavecchia, kilomita 70 hivi kutoka Roma. "Florence" ni Livorno au La Spezia. "Paris" ni Le Havre, mwendo wa kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, pwani ya Baltiki, ambako treni peke yake inakula karibu saa tatu kwenda na nyingine tatu kurudi. Na "Venice" siku hizi huenda ikawa Ravenna, kwa sababu tangu Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita kwenye mfereji wa Giudecca ulio mbele ya mji. Kabla hujalipia safari, chukua ratiba, andika pembeni ya kila jina bandari yenyewe, kisha pima umbali kwenye ramani. Bandari ambayo safari ya kwenda na kurudi inazidi saa nne, iacheni. Kaeni kwenye mji ule ule wa bandari, mle sahani ya samaki, mtembee. Warnemünde yenyewe ina ufukwe mzuri kuliko kiti cha treni.

La pili kabla ya kulipa ni viza, na hapa watu wetu wanaumia. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, isipokuwa awe na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen. Kibali cha kuishi Uingereza hakitoshi, hata kile cha kudumu. Tazameni pia ratiba: meli ikitoka Barcelona, ikapita Italia, ikagusa Tunis au Kuşadası ya Uturuki, kisha ikarudi Italia, mmetoka Schengen na mnaingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi hapo. Ombeni ya kuingia mara nyingi na mwambatishe ratiba nzima ya meli. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Uturuki na Tunisia nazo zina masharti yao, kila moja iulizwe kivyake. Asiye na karatasi kamili huzuiwa pale pale kwenye dawati la kupandia, siku ya safari, mizigo ikiwa mkononi.

Sasa tuhesabu siku yenyewe. Nitatumia Civitavecchia kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi.

Tuseme meli inafunga gati 7:00, yaani saa moja asubuhi, na mwisho wa abiria kupanda ni 18:30, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nisimame hapo kidogo. Kwenye familia zetu baba anasema "saa kumi na moja", mtoto aliyezaliwa huku anasikia kumi na moja ya usiku, na bibi naye ana saa yake ya mkononi ya nyumbani. Andikeni muda wa kurudi kwa tarakimu za saa 24 kama ulivyo kwenye karatasi ya meli, kila mtu awe nao mfukoni, na msibishane. Angalieni vilevile kwamba muda wa kung'oa nanga na mwisho wa kupanda ni vitu viwili: ngazi huondolewa nusu saa kabla, kwingine hata saa nzima.

Meli ikifunga 7:00, wakubwa wa bandari hupanda kwanza, na abiria huanza kushuka kama 7:30. Kundi la mwanzo ni la waliolipia ziara za meli. Ninyi mnaojitegemea mwe mmeshakula chai na mko karibu na mlango. Mkichelewa kwa saa moja mezani mtaikuta foleni ya basi imefika mbali. Sehemu kubwa ya bandari hairuhusiwi kutembea kwa miguu, kwa hiyo kuna basi linalowatoa abiria melini mpaka kituo kiitwacho Largo della Pace, nje kidogo ya lango. Kutoka pale mnachukua basi la mjini mpaka stesheni ya treni, au mnatembea dakika 20 hadi 25 kando ya bahari, njia tambarare. Mkienda vizuri mko stesheni 8:25.

Treni mnayoitaka ni ile ya mkoa, Regionale. Tiketi ni kama euro 5 kwa mtu, upande mmoja. Kuna pia tiketi ya siku nzima iitwayo BIRG, euro 12 kutokea Civitavecchia, inayojumuisha treni za mkoa pamoja na mabasi na treni za chini ya ardhi za Roma mpaka usiku wa manane. Wauzaji wataisifia. Fanyeni hesabu: tiketi mbili za kawaida ni euro 10, basi moja la Roma ni euro 1.50. Mtakaotembea kwa miguu hamuihitaji. Wenye wazee watakaopanda basi mara tatu nne, inawafaa. Andika jina lako juu yake, ni sharti.

Makosa mawili hutokea hapa. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye kile kimashine kidogo cha ukutani kabla ya kupanda. Kuwa nayo mkononi bila muhuri ni sawa na kutokuwa nayo, na mkaguzi hasikilizi kwamba wewe ni mgeni. Aliyenunua kwa simu naye ana kitufe cha kuthibitisha kabla treni haijaondoka. Kosa la pili ni kupanda treni ya kwanza inayokuja. Kwenye reli ile ile zinapita Intercity na za kasi, ambazo tiketi ya mkoa haizihusu. Someni ubao: iwe imeandikwa Regionale, au R au RV mbele ya namba.

Shukeni Roma San Pietro. Wengi hupitiliza mpaka Termini, stesheni kuu, kwa sababu ndilo jina wanalolijua, wakapoteza dakika 20 au 30 kwenda na nyingine kurudi. Kutoka Civitavecchia mpaka San Pietro ni kama dakika 50, na ukitoka stesheni unatembea robo saa tu kufika kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro. Ni 9:30 sasa.

Kurudi hesabuni kinyumenyume. Dakika 50 za treni, 20 za kufika Largo della Pace, 15 za basi la bandari, 15 za foleni ya ukaguzi: jumla saa moja na dakika 40. Ukipanda treni ya 15:10 hivi, uko melini 16:50. Mtu atauliza, mbona mapema yote hayo na mwisho ni 18:30? Kwa sababu treni za njia hii hupita kama mbili kwa saa, na kanuni tunayoishika ni kwamba nyuma ya treni unayopanga kupanda ziwepo nyingine mbili ambazo bado zingekufikisha. Ya kwanza ikifutwa unakunywa kahawa. Ya pili ikichelewa unaanza kuomba dua. Teksi inabaki kuwa ya siku ambayo zote tatu zimeshindikana.

Kwa hiyo mnazo saa tano na dakika 40 ndani ya Roma, nazo zinatosha bila kulipa kiingilio hata kimoja. Kanisa la Mtakatifu Petro halina kiingilio. Foleni ni ya mashine za ukaguzi, na kila dakika inayopita asubuhi inairefusha, ndiyo maana nasema lianze hilo. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Akina mama wenye kanga mkobani wameshamaliza tatizo hilo. Jumatano asubuhi, Papa anapokutana na mahujaji uwanjani, aghalabu hamuingii mpaka umati utawanyike, basi siku hiyo geuzeni mzunguko. Kutoka hapo mnavuka mto kwa daraja la Sant'Angelo, mnakwenda Piazza Navona, hekalu la kale la Pantheon, mnamalizia kwa kuitazama chemchemi ya Trevi kwa mbali. Ni kilomita tatu hivi, zote za miguu. Pantheon inatoza euro 5 tangu Julai 2023. Kuitazama kwa nje ni bure, na kwa maoni yangu kuba lile kwa ndani linastahili hizo tano kuliko aiskrimu mbili za pale uwanjani. Maji msinunue. Roma ina mabomba madogo ya barabarani zaidi ya 2,000, yanatiririka mchana na usiku, maji safi ya kunywa. Beba chupa tupu.

Kahawa inywe wima kwenye kaunta. Ukikaa mezani bei inapanda, wakati mwingine mara mbili au zaidi, na hilo si wizi, ndiyo desturi. Chakula cha mchana cha bei nafuu ni pizza ya kukatwa, inayouzwa kwa uzito: mwonyeshe muuzaji kwa mkono ukubwa unaoutaka kabla hajashusha kisu. Wenzetu Waislamu, chaguo salama ni ya mboga au margherita; nyama nyingi juu ya pizza huko ni nguruwe hata kama haikutajwa kwa jina mnalolijua.

Kurudi stesheni kwa wazee kuna basi namba 64, linaloishia hapo San Pietro. Linasaidia sana, na wezi wa mifukoni nao wanalipenda. Mkoba uwe mbele, simu isikae mfuko wa nyuma.

Hesabu yote hii huvunjwa na neno moja la Kiitaliano: sciopero, mgomo. Si jambo la nadra. Sheria yao inataka mgomo wa usafiri utangazwe siku kumi kabla, kwa hiyo wiki ya safari tafuteni neno hilo pamoja na tarehe yenu. Kwa treni za mkoa, siku za kazi, wanalazimika kuendesha safari muhimu kati ya 6:00 na 9:00, kisha kati ya 18:00 na 21:00. Tazameni mtego ulivyo: asubuhi mtaipata treni ya kwenda bila shida, mtafurahi, mtasema mgomo ulikuwa uvumi. Ya kurudi mtaikuta baada ya 18:00, na 18:30 ngazi ya meli inaondolewa. Siku ya mgomo lipeni basi la kampuni ya meli, au mbaki Civitavecchia.

Maana ziara za meli zina faida moja ambayo lazima niitaje kwa haki. Basi la ziara yao likikwama, meli husubiri, au hugharimia kuwafikisha abiria bandari inayofuata. Wewe uliyejitegemea meli haikungoji. Bei yao ni kubwa, kwa familia ya watu wanne ni mamia ya euro kwa siku, lakini mahali pa mbali, penye usafiri wa kubahatisha, sehemu ya bei hiyo ni bima. Tumieni ziara ya meli mara moja katika wiki, kwenye bandari ngumu kuliko zote, na zilizobaki mjitegemee.

Napoli ni rahisi zaidi na, niseme wazi, ndiyo bandari ninayoipendekeza kwa mwenye mfuko mdogo. Meli inafunga katikati ya mji, mbele ya ngome ya Castel Nuovo. Dakika kumi za miguu mko stesheni ya metro ya Municipio. Njia namba 1, vituo vitatu, mnashuka Garibaldi, mnafuata vibao vya Circumvesuviana, treni ya kwenda Pompei, magofu ya mji wa kale uliofukiwa na mlima Vesuvio. Treni iwe inaelekea Sorrento. Zipo nyingine zinazokwenda Sarno na Poggiomarino, na ubao hubadilishwa dakika za mwisho, basi ulizeni tena mlangoni. Kituo cha magofu kinaitwa Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Kuna stesheni nyingine zenye jina Pompei tu: mkishuka huko mmefika mji wa leo, na mtatembea juani. Nauli haifiki euro 5, mwendo wa dakika 35 hadi 40, mara nyingi mkiwa mmesimama.

Nje ya stesheni ya Pompei kuna watu wenye vibanda vya "taarifa" wanaouza ziara na kusema foleni ni ya saa mbili. Pita. Lango la Porta Marina liko hatua chache mbele. Tangu Novemba 2024 wageni wamewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku, na tiketi inaandikwa jina la mtu, kwa hiyo nunueni mapema mtandaoni na mbebe kitambulisho. Baadhi ya meli hushikilia pasipoti za abiria, basi kadi ya ukaazi au nakala ya pasipoti isitoke mkobani. Eneo ni hekta 66, kama theluthi mbili tu imefukuliwa, na kivuli hakuna. Saa tatu ndiyo kiasi.

Kama kuna mzee wa magoti, au mtoto wa kubebwa, shukeni mapema zaidi, Ercolano Scavi. Ni mji uliofukiwa na mlima ule ule wa Vesuvio mwaka 79, mdogo, unaisha kwa saa moja na nusu au mbili, na nyumba zake zimesalimika mpaka ghorofa ya pili na mbao zilizogeuka makaa. Kutoka stesheni ni dakika kumi za kuteremka. Kupanda wakati wa kurudi ndiyo dakika kumi na tano. Na ikiwa siku yenu ya Napoli imeangukia Jumapili ya kwanza ya mwezi, makumbusho na magofu ya serikali ni bure Italia nzima. Umati nao ni wa bure.

Barcelona sitakawia. Gati nyingi ziko Moll Adossat, mnavuka daraja mpaka sanamu ya Columbus. Kuna basi la bandari la euro chache, au mtembee kama dakika 40. Kanisa la Sagrada Família halina tiketi za dirishani, nunueni mtandaoni wiki kadhaa kabla au mridhike na kuitazama kwa nje.

Piraeus, bandari ya Athens, ilikuwa na sifa mbaya ya mwendo mrefu wa miguu mpaka metro. Tangu Oktoba 2022 njia namba 3 imefika kituo cha Dimotiko Theatro, karibu zaidi na gati za meli za kitalii. Tiketi ya euro 1.20 inatumika dakika 90, na kwa chini ya nusu saa mko Monastiraki, katikati ya mji. Akropoli, ile ngome ya kale kilimani, ndiyo iliyopanda: euro 30 tangu Aprili 2025, na tiketi ina saa ya kuingia. Chukueni saa ya asubuhi kabisa. Wimbi la joto likija, hulifunga eneo hilo mchana, na meli haitawasubiri mpaka jioni. Familia ya watu wazima watano isiyotaka kutoa euro 150 ipande Areopago, mwamba wa pembeni, ambako Wakristo wanakumbuka Mtume Paulo aliwahutubia Waathene. Ni bure, mandhari ya Akropoli iko mbele yenu. Mawe yake yamesuguliwa yakawa kama kioo, mvaliaye ndala atumie ngazi za chuma.

Ugiriki pia imeanza kutoza abiria wa meli kuanzia Julai 2025: euro 20 kwa Santorini na Mykonos miezi ya Juni mpaka Septemba, pungufu miezi mingine, na euro 5 bandari nyingi nyingine katika msimu huo. Mara nyingi huonekana kwenye bili yenu ya melini, msije mkadhani mmeibiwa. Santorini meli haifungi gati kabisa. Inaelea, na boti ndogo zinawapeleka chini ya jabali. Kupanda juu mpaka mji wa Fira ni kwa gari la waya au ngazi zaidi ya 500 zenye kinyesi cha punda. Foleni mbaya ni ya kushuka: meli tatu zikiwepo, watu wote wanataka kurudi saa ile ile. Anzeni kupanga foleni saa mbili kabla ya boti ya mwisho, au mshuke kwa miguu, dakika 30 au 40, viatu vya kukamata. Upepo ukikaza, kituo chote hufutwa asubuhi hiyo hiyo. Msilipie huko kitu kisichorudishwa.

Simu. Usiku baharini iwekeni kwenye hali ya ndege, kwa sababu mtandao wa meli unapitia setilaiti na hauhesabiwi kama Ulaya hata kama laini yenu ni ya Ulaya. Mkiwasha baada ya kukanyaga ardhi mko salama. Saa ya simu nayo hujibadilisha: Ugiriki iko saa moja mbele ya Italia, na meli huweza kubaki na saa yake. Inayohesabika ni ya meli. Kwenye mashine ya kadi mkiulizwa mlipe kwa euro au kwa fedha ya nyumbani, chagueni euro kila mara; ile nyingine ina kiwango cha kubadilishia cha kuwanufaisha wao.

Na ikitokea meli imeondoka? Karatasi ya kila siku inayoletwa chumbani ina jina na simu ya wakala wa bandari. Ipigeni picha kabla ya kushuka. Mpigieni yeye kwanza, kabla ya kununua tiketi yoyote, kwa sababu wahudumu wakiona hamjarudi huweza kuzichukua pasipoti zenu zilizobaki melini na kumwachia. Atawaeleza bandari inayofuata na kama mnaruhusiwa kupandia huko. Gharama ni zenu. Kama bandari inayofuata iko nje ya Schengen, irudieni ile habari ya viza niliyoanza nayo.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha. Mwenye ratiba ya meli yake asogee nayo huku mbele pamoja na kalamu, tuanze kuandika majina ya bandari pembeni.